Namna ya Kuitegesha Runinga ya Nyumbani Ili Uione Filamu Kama Mwongozaji Alivyoikusudia

Maswali ni yale yale. Mtu amenunua runinga mpya ya inchi 55, ameitundika sebuleni, ameweka filamu, na baada ya dakika kumi anapiga simu kuuliza kwa nini picha inafanana na video ya harusi. Mwingine anashuku kwamba ametapeliwa dukani, kwa kuwa juu na chini ya kioo kuna mistari mipana myeusi isiyoondoka. Wa tatu analalamika kwamba maneno ya waigizaji hayasikiki, lakini bunduki ikilia majirani wanaamka. Nimeandika mwongozo huu ili niwajibu wote kwa pamoja, kwa maana chanzo cha malalamiko yao ni kimoja: runinga hutoka kiwandani ikiwa imetegeshwa kuvutia macho ndani ya duka lenye taa nyingi, na karibu kila kitu kilichowashwa humo hubadilisha kazi ya aliyeitengeneza filamu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi iliyo mbele yako ni kuzima.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Rimoti ya runinga yenyewe. Rimoti ya king'amuzi haifungui menyu zote.
- Deki ya DVD au Blu-ray, au huduma ya kutazama filamu kwa intaneti ambayo umeilipia.
- Waya wa HDMI. Zile nyaya tatu za njano, nyeupe na nyekundu hazipitishi picha yenye ubora wa juu, hata kama runinga yako ni ya bei kubwa kiasi gani.
- Filamu moja unayoifahamu vizuri, iliyo na tukio la usiku, uso wa mtu kwa karibu, na mahali ambapo kamera inapita taratibu kando ya majengo au miti.
- Simu ya kupigia picha mipangilio ya sasa ya runinga kabla hujaigusa, ili uweze kurudi ulikotoka.
- Saa moja na nusu isiyo na usumbufu, na pazia linalofunga.

Neno moja kuhusu filamu zenye sauti ya msimulizi anayetafsiri kwa Kiswahili juu ya sauti ya awali: mimi mwenyewe nimezicheka sana na nazihesabu kuwa sanaa inayojitegemea, lakini hazifai kwa kazi ya leo, kwa sababu sauti ya filamu imefunikwa na mara nyingi picha imeshanakiliwa mara kadhaa.

Hatua ya 1: Ijue filamu kabla ya kuitazama

Andika mambo matatu kuhusu filamu uliyoichagua: uwiano wa picha, urefu wake kwa dakika ilipoonyeshwa sinema, na toleo ulilonalo mkononi.

Uwiano wa picha ni upana ukigawanywa kwa kimo. Kuanzia 1932 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, filamu za Hollywood zilikuwa na uwiano wa 1.37, yaani picha iliyokaribia mraba. Mwaka 1953 ulipoingia mfumo wa picha pana uitwao CinemaScope, skrini za sinema zilianza kutanuka, na tangu hapo filamu nyingi zimekuwa za 1.85 au karibu 2.39, huku Ulaya ikitumia sana 1.66. Runinga za leo zina uwiano wa 1.78, unaoandikwa pia 16:9, ambao ni nadra kuukuta katika filamu iliyotengenezwa kwa ajili ya sinema. Basi mistari myeusi haina budi kuwepo, na kuwepo kwake ni dalili kwamba picha imefika nzima.

Chukua rula uhakikishe. Runinga ya inchi 55 ina upana wa karibu sentimita 122 na kimo cha sentimita 68 na nusu. Filamu ya uwiano wa 2.39 ikijaza upana wote huo, kimo chake kitakuwa sentimita 51, na zinazobaki zitagawanyika kuwa mistari miwili myeusi ya karibu sentimita 9 kila mmoja. Ukibonyeza "Zoom" ili kuifukuza mistari hiyo, unakuwa umeitupa robo nzima ya picha, nusu yake kushoto na nusu kulia. Niliwahi kukaa kwa mjomba wangu tukitazama filamu iliyokuzwa namna hiyo. Watu wawili walikuwa wakigombana mezani, kila mmoja upande wake, na kwa karibu dakika mbili sisi tulitazama chupa na kitambaa cha meza huku ugomvi ukiendelea nje ya kioo.

Usiuamini uwiano kwa sababu tu umeandikwa kwenye jalada. Mwongozaji Stanley Kubrick aliwaandikia barua waendesha mashine za sinema mwezi Desemba 1975 akiwataka waonyeshe filamu yake Barry Lyndon kwa uwiano wa 1.66, na kwa vyovyote wasivuke 1.75. Hata hivyo Blu-ray ya filamu hiyo iliyotoka 2011 ilikuwa na uwiano wa 1.78, ikiwa imenyolewa kidogo juu na chini, na ilibidi kungoja toleo la kampuni ya Criterion la 2017 kuupata tena ule wa 1.66. Kisa cha filamu yake nyingine, The Shining, kilikwenda kinyume chake. Kubrick aliipanga kwa uwiano wa 1.85 wa sinema, lakini kanda za video na DVD za mwanzo zilifunua sehemu ya juu na ya chini ya filamu ili zijaze runinga za mraba za wakati ule. Picha ikawa kubwa zaidi, na humo mwanzoni, gari linapopanda mlimani, kikaonekana kivuli cha helikopta iliyokuwa ikipiga picha. Ndiyo maana nikisikia mtu akijisifu kwamba toleo lake "linaonyesha zaidi", humuuliza kwanza kama mwongozaji alitaka hayo ya zaidi yaonekane.

Toleo nalo lina habari zake, na mfano ulio karibu na wapenzi wa filamu za Kihindi ni Sholay ya Ramesh Sippy. Katika mwisho aliouandaa Sippy, Thakur anamuua jambazi Gabbar kwa miguu yake. Wakaguzi wa filamu wa India wakakataa, ikabidi upigwe mwisho mwingine ambapo polisi wanafika na kumzuia. Mwisho huo wa polisi ndio ulioonyeshwa sinema 1975, na ule wa awali ulikuja kupatikana baadaye kwenye matoleo ya nyumbani. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha juu ya filamu moja na wote wawe wanasema kweli.

Yapo pia matoleo ambayo mwongozaji mwenyewe amerudi na kuibadilisha kazi yake. William Friedkin aliipaka filamu yake The French Connection rangi mpya zilizofifia kwa ajili ya Blu-ray ya 2009, na mpiga picha wake, Owen Roizman, akapinga hadharani; mwaka 2012 likatoka toleo lenye rangi zilizokaribia za zamani. Kanuni yangu, ambayo huna lazima ya kuifuata, ni kutafuta kwanza kile kilichoonyeshwa sinema, isipokuwa pale ambapo mwongozaji alilazimishwa, kama Sippy.

Hatua ya 2: Chagua chanzo

DVD ya mfumo wa PAL, ambao ndio wetu, ina nukta 720 kwa 576. Blu-ray ina 1920 kwa 1080, na Blu-ray ya Ultra HD ina 3840 kwa 2160. Pamoja na hayo, DVD halali iliyotengenezwa kwa uangalifu hupendeza kuliko faili kubwa kwa jina lililobanwa mpaka likakosa pumzi.

*Tahadhari.* Ile diski ya mtaani yenye filamu ishirini ni DVD ya GB 4.7. Gawanya kwa ishirini: kila filamu imepewa chini ya robo ya GB. Hakuna mpangilio wa runinga utakaorudisha kilichofutwa humo, hivyo usiitumie kupimia chochote.

Ukiagiza diski kwa ndugu walio ng'ambo, waambie mapema kuhusu kanda za mauzo. DVD za Afrika Mashariki ni za kanda ya 5, za Ulaya na Ghuba ni za kanda ya 2, na za Marekani ni za kanda ya 1. Deki ambayo haijaondolewa kizuizi cha kanda itazikataa zisizo zake. Kwa Blu-ray tuko kanda B pamoja na Ulaya, wakati Marekani iko kanda A. Blu-ray za Ultra HD hazina vizuizi hivyo, ila zinahitaji deki yake maalumu.

Kwa wanaotazama kwa intaneti, ingia kwenye akaunti yako ukague ubora uliochaguliwa, kwa sababu wengi huweka kiwango cha chini ili kuokoa bando na kisha wakasahau. Netflix, kwa mfano, inakadiria hadi GB 3 kwa saa kwa picha ya HD na hadi GB 7 kwa ile ya 4K, yaani Ultra HD.

Hatua ya 3: Badilisha hali ya picha

Fungua menyu ya picha na uondoke kwenye "Vivid", "Dynamic" au "Standard". Kama kuna "Filmmaker Mode", ichague. Hali hiyo ilitangazwa Agosti 2019 na muungano wa UHD Alliance kwa kuungwa mkono na waongozaji kadhaa, akiwemo Christopher Nolan na Martin Scorsese, na kazi yake ni kuzima kwa mkupuo mmoja karibu yote nitakayoyataja hapa chini. Kama haipo, chagua "Cinema" au "Movie".

Utashtuka. Picha itaonekana imefifia na nyeupe itaelekea umanjano. Usirudi nyuma, vumilia siku tatu, macho yatazoea, na ukiirudia ile hali ya zamani utaona nyuso za watu zina rangi ya samawati.

Hatua ya 4: Zima ulainishaji wa mwendo

Hili ndilo jibu la swali la video ya harusi. Tangu filamu zilipopata sauti mwishoni mwa miaka ya 1920, kawaida ya sinema imekuwa fremu 24, yaani picha moja moja 24, kwa sekunde. Runinga nyingi mpya hutunga fremu za uongo na kuzipachika kati ya zile za kweli ili mwendo uteleze, na matokeo yake ni kwamba filamu iliyogharimu mamilioni inafanana na tamthilia iliyopigwa studio kwa siku moja. Desemba 2018 Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video fupi wakiwasihi watazamaji wakizime kitu hiki majumbani mwao.

Shida ni kwamba kila kampuni imekipa jina lake. Kwenye Samsung tafuta "Auto Motion Plus" au "Picture Clarity", kwenye LG "TruMotion", kwenye Sony "Motionflow". Kwa runinga nyingine, pitia menyu ndogo za picha ukitafuta neno "Motion", kisha uweke "Off".

Kuhakikisha, rudi kwenye lile tukio ambalo kamera inapita taratibu. Ukiona ukingo wa kichwa cha mtu anayetembea unatetemeka kama umezungukwa na mvuke, bado kuna kitu kimewashwa.

Hatua ya 5: Rudisha kingo zilizokatwa

Runinga za zamani za kioo kinene zilikuwa zikikuza picha kidogo ili kuficha kasoro za pembeni, na runinga za leo zimeurithi mtindo huo bila sababu yoyote ya maana. Kwenye menyu ya ukubwa wa picha chagua uwiano wa 16:9 au "Original", kisha uwashe "Just Scan" kwa LG, "Fit to Screen" kwa Samsung, au "Full Pixel" kwa Sony.

*Tahadhari.* Usichague "Wide" wala "Stretch" kwa filamu za zamani za picha ya mraba. Mistari myeusi ya kushoto na kulia ni haki yake.

Hatua ya 6: Weusi, ukali na rangi

Anza kwa kuzima kila kinachookoa umeme, pamoja na kihisi kinachopima mwanga wa chumba, la sivyo runinga itakuwa inabadilisha unachopanga ukiwa bado unakipanga.

Weka "Sharpness" kwenye 0, isipokuwa kwa runinga za Sony, ambazo kwa kawaida hali ya kutoongeza wala kupunguza ukali iko 50. Weka joto la rangi kwenye "Warm", na kama kuna daraja zaidi ya moja, chagua lenye joto zaidi. Zima "Noise Reduction", "Dynamic Contrast" na ndugu zao wote.

Sasa nenda kwenye tukio la usiku na uisimamishe filamu pale anapoonekana mtu aliyevaa nguo nyeusi. Ongeza "Brightness" mpaka weusi ugeuke kijivu kama majivu ya mkaa, kisha shusha kidogo kidogo huku ukitazama mikunjo ya nguo yake. Simama pale ambapo usiku umekuwa usiku lakini mkunjo wa begani bado unauona. Kwenye baadhi ya runinga mpya za Samsung na Sony neno "Brightness" linamaanisha ukali wa taa ya nyuma, na kinachogusa weusi kinaitwa "Shadow Detail" au "Black level".

Hatua ya 7: Usiisahau deki

Deki ina menyu yake, na wengi hawajawahi kuifungua tangu siku ya kuinunua. Tafuta aina ya runinga na uchague 16:9. Deki nyingi za DVD huja zikiwa zimewekwa kwa 4:3, yaani umbo la runinga za mraba za zamani: "4:3 Letterbox" au "4:3 Pan & Scan", na hii ya pili ni balaa, kwa kuwa huagiza picha ikatwe pembeni kabla hata haijafika kwenye runinga. Kwa deki ya Blu-ray, washa pia utoaji wa 24p ili runinga ipokee fremu 24 zilizo safi.

Hatua ya 8: Sauti

Sauti nyingi za filamu hugawanywa katika njia sita, na maneno ya waigizaji hupita zaidi kwenye njia ya katikati. Runinga yenye spika mbili tu inapozichanganya, maneno humezwa. Kama huna seti ya spika, iambie deki itoe sauti ya stereo au "PCM", na kwenye menyu ya filamu chagua stereo ikiwa imewekwa. Usiku washa "Night Mode" au "DRC", ambayo hupunguza tofauti kati ya mnong'ono na mlipuko. Mwongozaji hakuikusudia, nakubali, lakini hakukusudia pia ugombane na mpangaji wa chumba cha pili.

Hatua ya 9: Chumba

Funga pazia, zima taa inayojiakisi kwenye kioo, acha taa moja hafifu nyuma ya runinga ukipenda. Kwa inchi 55, kaa umbali wa mita 2 hadi 2 na nusu.

Matatizo na majibu yake

*Picha ina weusi pande zote nne.* Deki bado iko 4:3. Rudi hatua ya 7. Ikiwa deki iko sawa, basi DVD yenyewe ni ya zamani, iliyotengenezwa na mistari ndani ya picha ya mraba. Hiyo peke yake ndiyo unayoruhusiwa kuikuza kwa "Zoom".

*DVD yangu ni fupi kwa dakika tano kuliko muda ulioandikwa kwenye taarifa za filamu.* Kabla ya kulaumu mkasi wa wakaguzi, piga hesabu. Mfumo wa PAL huonyesha fremu 25 kwa sekunde, na DVD nyingi zake ziliiharakisha tu filamu kwa asilimia 4. Filamu ya dakika 120 humalizika kwa dakika 115 na sekunde 12 bila kukatwa hata fremu moja, ila sauti za watu huwa nyembamba kidogo. Blu-ray haina kasoro hiyo ikiwa imetengenezwa kwa fremu 24.

*Kamera ikipita, picha inagugumia.* Kiasi fulani cha kugugumia ni tabia ya fremu 24, na ulikuwa hukioni kwa sababu runinga ilikuwa ikikificha. Kikizidi, kagua kama deki inatoa 24p.

*Kuna punje zinazochezacheza angani na kwenye kuta.* Hizo ni chembe za filamu ya plastiki yenyewe. Ukizisafisha kwa "Noise Reduction", vinyweleo na ngozi za waigizaji huondoka nazo, na wote hubaki kama sanamu za nta.

*Filamu ya HDR ni giza tupu.* HDR ni picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza. Mipangilio ya HDR huhifadhiwa kando na ya kawaida, kwa hiyo rudia hatua ya 3 hadi ya 6 filamu hiyo ikiwa inaonyeshwa. Runinga nyingi za bei nafuu huipokea HDR bila kuwa na mwanga wa kuitosha. Hapo mimi huizima kwenye deki na kutazama picha ya kawaida, ambayo huwa nzuri kuliko hiyo inayojikaza.

*Tafsiri ya maandishi imekatwa chini.* Umeikuza picha. Ikiwa maandishi yako ndani ya mstari mweusi, "Zoom" huyatoa nje ya kioo.

*Nimepanga kila kitu, kesho yake watu wa nyumbani wamerudisha "Vivid" kwa ajili ya mpira.* Runinga nyingi hukumbuka mipangilio ya kila tundu la HDMI peke yake. Chomeka king'amuzi kwenye HDMI 1 uwaachie waweke wapendavyo, kwa maana hata ule ulainishaji wa mwendo hauudhuru sana mpira; deki ichomeke HDMI 2, uipange humo tu, na uhakikishe chaguo la "Apply to all" halikuguswa.